Kumbi za jamii ziandaliwe kabla ya mafuriko

Mhariri,

Ziwa Tanganyika likifurika, kaya za kando ya ziwa huhamishiwa madarasani na masomo husimama. Kumbi za jamii za Kigoma Ujiji zitengwe mapema. Kipimo cha kimataifa ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, hivyo ukumbi wa mita 20 kwa 14 ni wa watu 80, si 300.

Kinachoharibu zaidi ni choo. Matundu mawili yakijaa, watu hujisaidia nje na kipindupindu hakichelewi. Yanahitajika manne, matatu ya wanawake, yenye taa na komeo la ndani.

Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, jumla lita 1,200. Simtanki la lita 2,000 litavusha siku bomba likikatika. Ufunguo wa akiba akae nao mwenyekiti wa mtaa, maana mafuriko hayasubiri saa za kazi.

Wakazi wa Ujiji,
Kigoma