Karakana huungua, fundi hubaki

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika wiki jana kwamba nchi adui ikianza kunusanusa bomu la nyuklia, ipigwe mapema na mambo yaishe. Hapo pa "yaishe" ndipo nami nina neno.

Kwa miaka 31 nilitengeneza mashine za maziwa hapa Nairobi, hasa zile za kutoa krimu. Ndani yake mna bakuli la chuma lenye sahani nyembamba, kila moja na nambari yake. Bakuli huzunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika. Maziwa mazito husukumwa nje, krimu nyepesi hukusanyika katikati. Ukikosea kupanga sahani mbili tu, mashine hutetema hadi vikombe vya chai chumba cha pili vinagongana.

Mashine za kurutubisha urani, madini ya kutengenezea bomu la nyuklia, hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kasi yake ni kubwa mno na kinachozungushwa ni gesi. Urani nzito huenda ukutani, ile nyepesi inayotakiwa hubaki karibu na katikati. Ikichimbwa ardhini, hiyo nyepesi haifiki hata asilimia 1. Ukiifikisha asilimia 60, sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza. Asilimia 90 ya bomu haiko mbali.

Sasa, karakana yetu iliwahi kuungua usiku mmoja. Spea, michoro, vitabu vya maelekezo, vyote vikawa majivu. Baada ya miezi miwili tulikuwa tunafunga mashine tena. Tulikuwa wanne, na hakuna aliyekuwa amesahau kitu.

Iran imepitia hayo mara kadhaa. Mashine zake kama 1,000 pale kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz ziliharibiwa na kirusi cha kompyuta kilichogunduliwa mwaka 2010, zikawekwa nyingine mahali pake. Novemba 2020 mwanasayansi wake mkuu wa nyuklia, Mohsen Fakhrizadeh, aliuawa. Aprili 2021 kiwanda cha Natanz kikahujumiwa, na siku chache baadaye Iran ikaanza kurutubisha kwa asilimia 60, kiwango ambacho haikuwa imewahi kukigusa.

Kilichowahi kuipunguza kasi Iran kweli ni mkataba wake na mataifa makubwa, uliofikiwa Vienna Julai 2015. Kiwango cha juu kikawa asilimia 3.67, akiba ya urani iliyorutubishwa isizidi kilo 300, na kamera za wakaguzi wa shirika la kimataifa la nyuklia, IAEA, zikawekwa. Wakaguzi walithibitisha mara kwa mara kwamba Iran inatimiza, lakini Mei 2018 Trump akaitoa Marekani. Juni 2025 yakaja mabomu ya Israel na Marekani kwenye vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Kabla ya hapo wakaguzi walikadiria kuna kilo 440 na ushei za urani ya asilimia 60. Baada ya mabomu, wakaguzi wakaondoka nchini. Mtu aeleze ni usalama gani huo, wa kuvunja ghala na papo hapo kumpoteza mwenye daftari la kuhesabu magunia.

Najua nitajibiwa kwa Osirak, kinu cha nyuklia cha Iraq kilicholipuliwa na Israel tarehe 7 Juni 1981. Kinu kilikwisha, ni kweli, lakini Saddam aliendelea kwa siri, na waliokuja kuufumua mradi wake ni wakaguzi baada ya vita vya 1991. Mwaka 2003 Iraq ilivamiwa kwa ajili ya silaha ambazo hazikupatikana.

Syria inanipa taabu zaidi, siwezi kuificha. Kinu chake kililipuliwa Septemba 2007 na hakikujengwa tena. Lakini kwa maelezo ya Marekani yenyewe, kilijengwa kwa msaada wa Korea Kaskazini. Mafundi walikuwa wa kuazima, na wa kuazima hurudi kwao.

Sina huruma na watawala wa Tehran, wala simwambii mama wa Tel Aviv asiogope. Bomu likiwa linafungwa leo, na wakaguzi wamefungiwa mlango, hata mimi ningesita kumlaumu anayepiga. Msomaji wenu hakuzungumzia hilo. Yeye anataka kupiga kwa sababu ya kunusanusa.

Nina bakuli moja kuukuu nyumbani, nambari za sahani zake zimeshafutika. Namkaribisha msomaji huyo aje na nyundo aliponde apendavyo. Kisha anipe wiki mbili na fedha za vyuma vya soko la Gikomba. Chai nitakuwa nimemwekea, yenye krimu.

Fundi mstaafu,
Kariobangi, Nairobi