Masomo ya ubaguzi Marekani yasifutwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini. Kuna watu wanasema kusoma mambo ya rangi, utambulisho na nani ana nguvu Marekani ni kupoteza muda, eti ni kuchochea chuki. Mi nakataa kabisa. Hivi utaielewaje Detroit bila kujua ule ukuta wa zege karibu na barabara ya Eight Mile, umejengwa 1941, kama futi 6 kwenda juu na karibu nusu maili urefu wake, kazi yake kuwatenga weusi na mtaa mpya wa wazungu ili mjenzi apate udhamini wa mikopo toka serikali kuu? Mpaka leo upo, sehemu yake imechorwa picha za rangi rangi, pembeni kuna uwanja wa watoto kuchezea.

Na si ukuta tu. Miaka ya 1930 serikali yenyewe ilichora ramani za miji, mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu, yaani hatari, mkopo wa nyumba sahau. Sheria ya kukataza ubaguzi huo imekuja 1968, ila nyumba ndo mali mzazi wa kawaida anamwachia mtoto, sasa ambaye babu yake alinyimwa ataanzia wapi?

Tena masomo haya yalipiganiwa. Wanafunzi wa chuo kikuu cha San Francisco State waligoma toka Novemba 1968 mpaka Machi 1969, wakapigwa na polisi, mamia wakakamatwa, ndo chuo kikakubali kuyafundisha. Inaniuma sana kuona mwanasiasa anataka kuyafuta kwa saini moja.