Salio la Kaburi

Ankara, Novemba

Ndugu yangu Odhiambo,

Bajeti ya kaburi la Mzee nimeiona. Taili za granaiti, vyuma vya kuzungushia, paa la mabati ya rangi, picha yake kwenye marumaru. Laki tatu na nusu! Akina Ouma wameandikiwa mia tano mia tano, halafu mbele ya jina langu mkaandika "salio". Kwani huku nachimba dhahabu?

Sasa nisikilize. Tarehe 10 nilikwenda Anıtkabir, alikozikwa Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki. Alifariki tarehe hiyohiyo mwaka 1938, saa tatu na dakika tano asubuhi. Ikifika dakika hiyo ving'ora vinalia nchi nzima, magari yanasimama katikati ya barabara, dereva anashuka na kusimama wima kama mlingoti wa bendera. Saa zetu na zenu ni moja, kwa hiyo wewe ulikuwa Kibuye ukivutana bei na wateja. Mimi nilisimama, baridi ikinikata masikio, nikamkumbuka Mzee na redio yake. Taarifa ya habari ikianza, nani alithubutu kukohoa?

Kuingia unapita njia ya mita 262, simba wa mawe 24 wamelala huku na huku. Mawe ya kukanyagia yameachiwa nafasi, nyasi zinaota katikati, ili utembee umeinamisha kichwa. Tangu shule itupeleke Rusinga kwa Tom Mboya, kwenye lile jengo lenye umbo la risasi, sijaona kaburi lililonifunga mdomo hivyo. Ila mdomo ulifunguka. Nilikuwa na wageni wa chuo, Wanaijeria, na ni mimi niliyewasomea hotuba iliyoandikwa ukutani kwa herufi za dhahabu, Kituruki chote, kisha nikawaeleza. Bibi mmoja wa hapa alisimama kunisikiliza, akanishika mkono kunipongeza. Mwambie Baba Mdogo, yeye aliyetangaza matangani kwamba nimekuja kuosha vyombo.

Lile jeneza la jiwe wanaloliinamia watu lina uzito wa tani 40, na ndani hamna mtu. Mwenyewe yuko chini yake, udongoni, kazungukwa na vyungu vya shaba vyenye udongo wa kila mkoa. Na alifika hapo 1953. Miaka 15 alihifadhiwa kwenye jumba la makumbusho, kaburi likijengwa. Huyo ni baba wa taifa zima! Mzee wetu hajamaliza hata miaka miwili, tena yuko kwake, chini ya mwembe alioupanda mwenyewe, na tayari mnaniambia ukoo unaaibika.

Nyumba ya Mama inavuja. Akinyi alinitumia video: beseni liko juu ya kitanda, Mama amejikunja pembeni. Hilo kwenye bajeti yenu sikuliona. Nimeshaongea na fundi wa Ahero, mabati na misumari kwanza. Pesa itaingia mwisho wa mwezi kwenye laini ya Mama mwenyewe, si yako wala ya Baba Mdogo. Taili tutaziongea nikija, kila mtu akiwa na chake mkononi.

Kazi iko, afya iko. Samaki wa huku hana ladha hata ukimkaanga vipi. Auma akisikia mtu anakuja Istanbul anifungie omena, ila safari hii azikaushe kabisa. Zile za mwisho zilinigombanisha na jengo zima.

Msalimie Mama. Usimsomee yote.

Ochieng'