Marehemu hakuwa mwanajumuiya hai
Barua ya wazi kwa viongozi vijana wa jumuiya, na kwa waliokwishatoka

Wanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, maana mzee wa miaka sabini na sita akisema sana huambiwa anazeeka vibaya. Lakini msiba wa fundi baiskeli umeninyima usingizi, na kwa kuwa siku hizi mnasoma kwenye simu kuliko mnavyomsikiliza mtu aliye mbele yenu, nawaandikia hukohuko.

Fundi mnamjua. Yule wa njiapanda, chini ya mwembe, aliyewazibia pancha mkiwa wadogo akawaambia mtalipa mkikua. Hamkulipa. Kila lilipochimbwa kaburi mtaani, liwe la Mkristo au la Mwislamu, yeye ndiye wa kwanza kushika sururu. Mkewe alipopata kiharusi, miaka miwili iliyopita, fundi akaacha kuja jumuiya, yaani sala ya pamoja ya sisi Wakatoliki majirani. Sisi tunasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo yeye alikuwa anachemsha maji, anamwosha mkewe, anabadilisha shuka, anamgeuzia ubavu wa pili asipate vidonda. Zaka nayo ikakatika, maana hela yote iliishia kwenye pampasi za watu wazima. Kisha, kama mnavyojua, yeye mwenye afya ndiye akatangulia.

Nilikuwa nimekaa chini ya turubai pale katibu wenu, kijana mzuri, nilimfundisha darasa la nne, alipofungua kaunta buku. Akapitisha kidole kwenye orodha ya majina, polepole, akakifikisha, akasema mbele ya ndugu wa marehemu: "Kwa mujibu wa daftari, marehemu hakuwa mwanajumuiya hai."

Ningecheka kama isingekuwa msiba. Marehemu gani huwa hai?

Paroko alikuwa safarini, na bila barua ya jumuiya katekista haji kuzika, wala barua haitoki kabla deni la zaka halijalipwa. Basi tukakaa, jua likapanda. Mtu mmoja akavua kofia, ikazungushwa. Waliotumbukiza wengi walikuwa na barakashia vichwani, walewale waliokuwa makaburini na majembe tangu alfajiri. Deni likatimia, risiti ikaandikwa, na risiti hiyo, nimeona kwa macho yangu, akapewa mjane, ambaye mkono wa kulia haufanyi kazi na mdomo hautoi neno. Akaipokea kwa kushoto. Mzee mwenzangu, Mwislamu, tuliyekaa naye benchi moja, akaniinamia sikioni: "Mwalimu, kwani ninyi huzikwa kwa risiti?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mtasema mlifuata sheria. Haya, sheria nimeisoma, ile ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 222 inatudai waamini tulitegemeze Kanisa. Sawa kabisa, na zaka mimi natoa. Lakini nendeni kanuni ya 1184, inayotaja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi, wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Aliyekosa bahasha hayumo. Rudini nyuma kidogo, kanuni ya 1181, mtaona inaonya maskini wasikoseshwe mazishi yanayostahili. Nani basi aliwatuma? Hakuna. Mmeukuta utaratibu, mkaufuata.

Na hapo ndipo inanipasa nijishtaki, maana daftari lile nililianzisha mimi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 wakatilia mkazo jumuiya ndogo ndogo, nia ilikuwa Kanisa lishuke hadi uani kwa watu, kila muumini ajulikane kwa jina. Sisi tulipoanza yetu, miaka ya themanini, nilichora safu tatu kwa rula: jina, nyumba, shida. Basi. "Ana mtoto amelazwa." "Paa linavuja." "Hana kuni." Jumapili mchana tunagawana majina, tunakwenda. Siku moja safu ya shida ikawa ya zaka, ikaja ya mavuno, ikaja ya ujenzi, ikaja ya zawadi ya jubilei ya padre. Nilikuwepo, sikuuliza. Hata siku ya fundi nilitumbukiza elfu tano yangu kwenye kofia nikatazama chini, ilhali ningesimama tu nikakohoa mngenisikiliza. Mkiniita mnafiki nitaitika.

Sasa nanyi mliokwishatoka, msidhani mmeponea. Mjukuu wangu aliniambia jioni ileile: "Babu, dini nimeacha. Nimebaki na mambo ya kiroho tu." Asubuhi anawasha mshumaa, anafumba macho, anavuta pumzi, simu inampigia muziki wa maji yanayotiririka, na anasema anapata amani. Simcheki. Aliyeiona risiti ile na bado akabaki na hamu ya Mungu, huenda ana imani kunizidi. Ila nilimuuliza swali moja: mjane anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, je, saa nane za usiku ni zamu ya nani? Akatazama mshumaa wake. Mwanangu, amani yako haina zamu. Dini, pamoja na kero zake zote, inakutoa kitandani siku usiyojisikia kutoka. Hata Yesu alipowakaripia waliolipa zaka mpaka ya mnanaa na bizari huku rehema wameiacha, hakuwaambia waache zaka. Aliwataka wafanye yote mawili. Jirani zangu Waislamu nao wana sura ya 107, aya saba tu, inawaonya wanaosali ili waonekane huku wakimnyima jirani hata chombo cha kuazima. Sufuria! Mungu anafuatilia sufuria, sisi tunafuatilia mahudhurio.

Wala si kwetu tu. Nchi nzima imeota ugonjwa huu wa kukimbilia kinachoonekana. Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini! Tukalia wiki moja, kisha mabango ya mafuta mengine yakapanda. Mwanasiasa akileta mifuko ya saruji tunampa kipaza sauti madhabahuni, wala hatumuulizi hela imetoka wapi. Kiroho na uroho vimezaliwa na neno moja, na wengi wetu tumeshindwa kuwatofautisha hawa ndugu wawili.

Mengine nayataja tu, nimechoka. Spika ya mkesha isielekezwe dirishani kwa mgonjwa. Ukifunga Kwaresima, dada wa kazi umlipe tarehe yake. Usimwambie mfiwa ni mpango wa Mungu, mchotee maji. Muuza mchele anayeimba sauti ya kwanza Jumapili aangalie mizani yake Jumatatu. Na mtu akiacha kuja kusali, mtu aende kwake kabla ya kalamu.

Jumamosi hii tunasalia kwangu. Nimenunua kaunta buku jipya, nimelichora safu tatu, mkono unatetemeka kwa hiyo mistari haikunyooka. Jina la kwanza ni la mjane. Kwenye shida nimeandika: kugeuzwa, kuoshwa, pampasi, mtu wa kumwongelesha hata kama hajibu. Usiku wa Ijumaa tumejiandika mimi na bibi yenu. Kuanzia Jumamosi ni wazi.

Wewe katibu, usione aibu ukabaki nyumbani. Wahi kuja, unisaidie kuandika. Una mwandiko mzuri, nilikufundisha mwenyewe.

Ni mimi,
Mwalimu wenu mstaafu, Morogoro