Usinunue cherehani kabla hujafungua bahasha

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Watoto hawajambo? Mama, mgongo umepoa? Sisi huku wazima. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Babu na deni la barua ni langu. Lawama zako nitazipokea tukionana. Leo siandiki kujua hali tu. Jana shemeji alinipigia simu kwa shida yake nyingine kabisa, katikati ya maongezi akanitajia mambo mawili kana kwamba hayahusiani: kwamba Jumamosi unakwenda kulipia cherehani ya pili, ile ya kudarizi, na kwamba kuna bahasha ya mamlaka ya kodi imekaa juu ya kabati wiki ya tatu sasa, hujaifungua. Usingizi ulinipaa.

Acha nitoe la moyoni kwanza. Hiyo pesa iliyo kwenye akaunti si yako yote. Tangu usajiliwe kwenye kodi ya ongezeko la thamani, kila mteja anayekulipa anakukabidhi vitu viwili kwa mkono mmoja: malipo ya kazi yako, na amana ya serikali. Amana hiyo haiji na alama. Inaingia akaunti ileile, inachanganyika na pesa ya uzi, vifungo na karo, na mwisho wa mwezi ukitazama salio moyo unakunjuka.

Chukua kalamu. Tuseme kiwango ni 20 kwa 100. Wewe weka cha kwenu, hesabu ni ileile. Gauni la 100, mteja analipa 120. Kitambaa ulikinunua kwa 40 na kodi juu yake 8. Unachopeleka ni 20 kutoa 8, yaani 12, ilimradi unayo ankara halali ya kitambaa. Kama ankara huna, zile 8 zimepotea na utapeleka 20 zote. Na tafadhali, usichukue 120 ukapiga asilimia 20 ukapata 24! Kodi iliyo ndani ya 120 ni 20, yaani sehemu moja ya sita. Mara ya mwisho uliponionyesha daftari niliona umefanya hivyo, nikataka kukuambia, wageni wakaingia. Ulikuwa unajipunja mwenyewe.

Ufaransa ilianza kuutumia mfumo huu mwaka 1954, kwa ubunifu wa ofisa wake wa kodi, Maurice Lauré. Shabaha ilikuwa kuzuia kodi isitozwe juu ya kodi nyingine kila bidhaa inapopita mkono mpya. Ankara ndiyo inayobeba kazi hiyo yote. Kila unapoitupa ankara ya kitambaa unabeba mzigo ambao ulikwisha kuondolewa mabegani mwako. Kwa hiyo ule mfuko wa ankara ulio nyuma ya mlango, usimruhusu mtu auguse.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu yamenipata. Unakumbuka mwaka ule niliofungua karakana ya uchapaji? Niliweka kila kitu mikononi mwa kijana mmoja aliyejiita mhasibu. Kila mwezi ananiambia ritani, ile fomu ya hesabu za kodi, imekwenda, nami namlipa. Haikwenda hata moja. Mamlaka ilipokuja, nilidhani nitamwonyesha yule kijana na mambo yataisha. Hapana. Kisheria mwenye jukumu ni mlipakodi, hata kama kazi kamwachia mtu mwingine. Nikalipa kodi, adhabu, na riba iliyokuwa ikipanda kila mwezi nilipokuwa nimelala. Ile mashine ya kukatia karatasi unayoniuliza kila siku iko wapi, ilikwenda huko. Tangu hapo kila ritani nataka kuona mwenyewe uthibitisho kwamba imepokelewa.

Basi, turudi kwenye bahasha. Unaogopa, naelewa, lakini hujui hata unaogopa nini. Huenda ni ukumbusho tu. Huenda ni kodi uliyozidisha wanataka kukurudishia. Huenda ni makadirio: mtu asipowasilisha ritani, mamlaka humkadiria yenyewe, na makadirio ya namna hiyo ni nadra yamfae mfanyabiashara, kwa kuwa hayajui gharama zake. Kama ni hayo, haki ya kuweka pingamizi unayo, ila ina muda wake, na muda huo hauhesabiwi kuanzia siku utakayopata ujasiri wa kuichana bahasha. Wiki tatu tayari zimekatika.

Na kama kweli unadaiwa na pesa haitoshi, wasilisha ritani hivyo hivyo. Kuchelewa kuwasilisha na kuchelewa kulipa, sehemu nyingi, ni makosa mawili yenye adhabu mbili. Usilifanye la kwanza kwa sababu ya la pili. Nenda mwenyewe, omba kulipa kwa awamu kabla hawajakufuata. Mimi nilikwenda nikiwa nimechelewa sana, bado walinisikiliza.

Sasa hiyo cherehani. Sikatai uinunue, kazi yako ya kudarizi hakuna anayeifikia. Ila shemeji anasema umepanga kununua ili faida ya mwaka isomeke ndogo na kodi ipungue. Nani kakwambia? Kwa mifumo mingi, mtambo wa kudumu haukatwi wote katika faida ya mwaka mmoja. Unakatwa kidogo kidogo kwa miaka, kama uchakavu. Kuna nchi zinazoruhusu kuukata mara moja, kwa hiyo uliza kwanza. Hata hivyo, kutumia 100 ili kuokoa 20 au 30 ya kodi ni kujitoa 70 au 80 mfukoni. Inunue kwa sababu ina kazi.

Kuhusu mkopo aliokushauri fundi wetu: pesa ya mkopo ikiingia si mapato, na ukilipa rejesho, riba pekee ndiyo gharama ya biashara, siyo rejesho zima. Halafu pesa unayochota droo kwa matumizi ya nyumbani nayo si gharama. Jiwekee kiasi maalumu cha kuchukua kila mwezi, kiandike, basi.

Jambo lililoniuma zaidi ni oda ya sare. Eti umeikataa kwa sababu ingekupandisha ngazi ya kodi ya mapato? Jamani! Kiwango cha juu kinatozwa sehemu iliyovuka tu. Tuseme 1,000 za kwanza ni asilimia 10 na zinazozidi ni 20. Ukipata 1,000 unalipa 100, unabaki na 900. Ukipata 1,100 unalipa 120, unabaki na 980. Umeongeza 80, hukupoteza kitu. Mpigie yule mwalimu leo, labda hajapeleka kwa fundi mwingine.

Ninachokuomba ni kimoja. Fungua akaunti ya pili, usiipe kadi, na kila mteja akilipa hamishia humo fungu la kodi siku hiyohiyo, kabla hujalizoea. Kitakachobaki akaunti ya kwanza baada ya miezi miwili mitatu ndicho kitakachokuonyesha kama cherehani unaiweza.

Nijibu upesi. Je, ritani ya mwisho uliwasilisha lini, na uthibitisho unao? Ankara za kitambaa za tangu mwanzo wa mwaka zipo zote au zimeliwa na panya? Muuzaji wa cherehani atakubali kusubiri, au umekwisha kumpa malipo ya awali? Mama anajua habari ya bahasha? Na mbona hukuniambia mimi? Nije Ijumaa tuifungue pamoja? Nitapanda gari la asubuhi, niambie tu.

Wasalimie wote, na mtoto wa mwisho umbusu kwa niaba yangu.

Mimi mwenzio wa dawati moja