Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Semina, vikao vya kamati na ukaguzi wa hesabu vimekwenda kama kawaida, na kumbukumbu mnazo. Niingie kwenye lililozua manung'uniko: mwongozo wetu wa kukadiria idadi ya watu wenye kingamwili za virusi (protini za damu ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi) sasa unaweka sampuli nasibu ya kaya, yaani kaya zinazochaguliwa kwa bahati nasibu, kuwa njia ya msingi. Damu ya wachangiaji na masalia ya damu ya maabara yatatumika kufuatilia mwelekeo tu. Uamuzi huo niliusimamia mimi, na bado nausimamia.

Mnasema ni ghali. Ni kweli. Tukikisia kiwango cha 50%, kwa ukingo wa makosa wa pointi 5, sampuli nasibu rahisi inataka watu 385. Tukichukua makundi ya watu 20 wanaofanana kiasi (uwiano wa ndani, yaani kipimo cha kufanana kwao, 0.05), kila mtu anatuongezea habari kidogo zaidi, hivyo tunazidisha kwa 1.95: watu 751. Wakikubali 80% tu, tuwafikie 939, yaani makundi 47. Lakini miongoni mwa wachangia damu hakuna watoto, na anayejisikia mgonjwa hurudishwa nyumbani. Hata mkikusanya chupa elfu kumi, hesabu ya uzani (kuyapa uzito zaidi makundi yaliyopimwa kidogo) haimrudishi mtoto ambaye hakupimwa kabisa. Wanaojitolea nao huja zaidi wakiwa wamewahi kuona dalili, na kiwango kinapanda bila sababu. Uhispania mwaka 2020 walipima kingamwili za virusi vya korona kwa zaidi ya watu 61,000 kutoka kaya zilizochaguliwa kwa nasibu. Wakapata takriban 5% kitaifa, na wakaweza kuonyesha kuwa eneo la Madrid lilizidi 10%.

Kaya nazo zina mtego wake. Mkusanyaji akikuta mlango umefungwa huhamia kwa jirani, na sampuli inajaa washinda nyumbani. Ndiyo maana tuliandika: rudi mara tatu, ikiwemo jioni na wikiendi, wala usibadilishe kaya. Na kipimo kisisahaulike: kiwango halisi kikiwa 2%, kipimo kinachonasa 90% ya wenye kingamwili na kukosea 2% ya wasio nazo kitatoa 3.76%, zaidi ya nusu yake chanya za uongo, yaani watu wanaoonekana wanazo kumbe hawana. Sahihisheni kabla ya kutangaza.

Inaniuma kwamba wengi wa wanaolalamika hawakuwepo siku ya kura, na akidi ilitimia kwa shida. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa ada, nanyi mnauliza kwa nini mafunzo ya wakusanyaji yamesimama. Mweka hazina anawasubiri. Ada zikiingia, tunatarajia kuyaanza tena mwaka ujao, Mungu akipenda.

Mwenyekiti