Vikombe Vitano na Panga Nne: barua kwa Neema

Bukavu, Nyawera

Neema mpenzi,

Pole tena na kilio cha Mama. Nilikupa pole kwa simu, lakini ile siku mtandao ulikuwa unakatika kila baada ya neno, sijui ulisikia nini na hukusikia nini. Sisi huku tupo. Mvua haitupumzishi, barabara ya kupanda Kadutu imekuwa matope matupu, na watoto wanakwenda shule wameshika viatu mkononi.

Ujumbe wako kuhusu karata nimeusoma mara mbili. Mdogo wako kaja na pakiti ya taroti, zile karata za picha ambazo watu huzitumia kutabiri, kutoka Bruxelles, Ubelgiji, kakuchanganyia usiku wageni walipokwisha kulala, zikatoka Vikombe Vitano na Panga Nne. Akanyamaza. Ulipombana akakuambia kaburi lililochorwa kwenye Panga Nne lina maana kuna mwingine atamfuata Mama. Na wewe tangu hapo kila jioni unahesabu watu wa nyumbani kama mtu anayefungia kuku.

Jibu langu ni hapana. Karata haijui nani atakufa. Ni karatasi, na picha zake alizichora mwanamke aitwaye Pamela Colman Smith, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zikatoka London mwaka 1909. Taroti yenyewe ni ya zamani zaidi: ilianzia Italia katika karne ya 15, na ilikuwa mchezo tu wa karata. Wafaransa mpaka leo wanaicheza mezani na kugombania pointi. Hadithi ya kwamba ni siri za makuhani wa Misri iliandikwa Paris mwaka 1781 na mtu ambaye hakuwa na ushahidi wowote. Mimi mwenyewe ninayo pakiti kama hiyo, unajua, na padri wetu haipendi. Simlaumu. Ninaitazama kama ninavyotazama picha: inanisaidia kusema jambo ambalo lilikuwa limekwama kooni. Zaidi ya hapo siidai kitu.

Sasa hiyo Panga Nne iliyokutisha. Ishike vizuri uitazame. Mtu amelala chali juu ya jiwe, amevaa chuma cha vita, viganja vimekutana kifuani. Ulaya ya zamani mashujaa walichongewa sanamu za namna hiyo juu ya makaburi yao, ndani ya makanisa. Kwa hiyo mdogo wako hakuota, kaburi lipo, na Waite mwenyewe aliorodhesha kaburi na jeneza kati ya maana za karata hii. Ila aliyatanguliza mengine: kukesha, kujitenga na watu, pumziko la mtawa. Wanaozisoma karata hizi leo karibu wote wanashika hilo la pumziko. Juu ya yule askari kuna dirisha la vioo vya rangi, na ukikaza macho utaona limeandikwa PAX. Ni Kilatini, maana yake amani, neno lile lile lililo katika jina la kanisa kuu letu hapa Bukavu, la Bibi Yetu wa Amani.

Halafu hesabu panga. Tatu ziko ukutani, ncha zinamwelekea yeye. Ya nne imelala ubavuni mwa jiwe. Katika safu ya Panga, karata inayotangulia hii ni Panga Tatu: moyo mwekundu umetobolewa na panga tatu, na mvua inanyesha nyuma yake. Mimi huwa naona ni zile zile. Mtu kazichomoa moyoni, kazitundika ukutani, kisha kalala chini yake. Hazijatupwa, wala hazijageuzwa upande mwingine. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Panga Nne ni kusahau. Huyu hajasahau kitu, vyote viko juu ya kichwa chake. Amechoka tu, na amepata mahali pa kujinyoosha.

Vikombe Vitano wewe unavijua bila mimi. Mtu wa joho jeusi, kichwa chini, vikombe vitatu vimemwagika mbele yake, viwili vimesimama nyuma yake. Kwa mbali kuna mto, daraja, na jengo la ngome ng'ambo. Watu wengi wanakimbilia vile viwili: geuka, tazama kilichobaki! Mimi hilo linanikera. Ni wale wale wanaofika kilioni na kabla hawajakaa kwenye mkeka wamekwisha sema, “Shukuru Mungu, watoto wako ni wazima.” Ni kweli, ni wazima. Lakini mama amekufa. Kwenye picha yule mtu hajageuka, na mchoraji hakumlazimisha. Daraja limesimama pale pale, halina haraka naye.

Zikitoka pamoja, mimi hutazama ipi imetangulia, na hukuniambia. Panga Nne zikitangulia ningesema kuna utulivu ulikuja mapema mno, utulivu wa watu wengi nyumbani na nyimbo za kwaya usiku, na huzuni yenyewe itaamka wakiondoka. Vikombe vikitangulia, basi machozi yamefanya kazi yao na mwili unadai zamu yake. Ningekusomea hili la pili kwa namna yoyote ile, hata kama zilitoka kinyume, kwa sababu ya mambo uliyoniandikia mwenyewe bila kuulizwa: ulikusanya mchango, ukapanga nani alale wapi, ukasimamia sufuria za bukari, ugali wetu, tangu asubuhi hadi usiku, ukamaliza matanga, kisha ukarudi kwenye meza yako soko la Kenya, hapo Lubumbashi, kana kwamba ulikuwa umesafiri. Sasa unasinzia katikati ya kuhesabu chenji na shangazi zako wanasema umekuwa mvivu. Neema, huo si uvivu. Huyo ni askari anayetafuta jiwe lake.

Kama zingetoka Panga Tisa na Panga Nne ningeandika barua nyingine. Panga Tisa ni mtu aliyeketi kitandani katikati ya usiku, uso ndani ya viganja, panga zimejipanga kwenye giza nyuma yake. Ukiziweka pamoja ni vitanda viwili, na kimoja hakina usingizi. Hapo nisingekusomea karata hata kidogo, ningekuambia uende kwa daktari. Na ninakuambia hivyo hata sasa: kama usingizi huu wa mchana ni kwa sababu usiku hulali kabisa, au chakula hakishuki, nenda.

Watu hupenda sana Kifo pamoja na Nyota, kwa sababu inasomeka vizuri, mifupa juu ya farasi mweupe halafu mwanamke anamimina maji chini ya nyota. Ni nzuri, lakini kwangu imekuwa rahisi mno. Ninayoipenda ni Vikombe Vitano na Panga Sita. Ndani ya Panga Sita kuna mtumbwi, mtu anausukuma kwa mti, mbele yake mwanamke aliyejifunika na mtoto, na panga sita zimesimama ndani ya mtumbwi humo humo. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufafanuliwa. Nani aliwahi kuvuka Kivu akaacha mzigo wake gatini?

Yule rafiki wa mdogo wako anayedai dola ili “akate” hicho kifo, usimpe hata franka.

Kuna jambo moja nilikuwa sitaki kuliandika, lakini nitaliandika. Waite anasema Vikombe Vitano ni karata ya urithi pia, urithi usiolingana na ulivyotarajiwa. Na inayofuata Panga Nne katika safu yake ni Panga Tano: mtu ameshika panga huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na wenzake wawili wanaondoka wamempa mgongo. Sisemi karata zimeona kiwanja cha Mama kule Katuba. Nimekiona mimi, kwa sababu umenitajia karatasi za kiwanja katikati ya habari za mazishi, tena kwa sentensi moja, kama mtu anayeficha kidonda. Wajomba wanataka usaini mwezi huu. Usisaini ukiwa katika hali hii. Mtu anayesinzia kwenye hesabu ya chenji hawezi kusoma karatasi ya kiwanja. Waambie umechoka, utaisoma ukiwa umepumzika, na utaisoma pamoja na mtu anayejua sheria. Wakisema unachelewesha mambo, waache waseme. Pumziko lako na lifae angalau kwa hilo.

Shangazi nao uwape siku moja ya soko. Mmoja akae mezani kwako tangu saa moja mpaka saa tisa, auze, abishane na wateja, kisha atuambie kuhusu uvivu. Wewe siku hiyo ulale.

Mdogo wako umwambie simkasirikii. Naye kafiwa na mama, na alikuwa mbali, huenda ile hofu ni yake mwenyewe akaitafutia karata ya kuisemea. Mkae naye mchana, siyo usiku, mzitazame tena hizo mbili, na safari hii yeye ndiye akueleze anaona nini kwa yule wa joho jeusi. Nadhani atalia. Mwache.

Kuna mama wa mtaani kwetu anakuja Lubumbashi, nimempa sambaza wakavu, samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye mfuko mweusi, umefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Wajomba wasionje.

Nakukumbatia,
Furaha